Italia: 6-1, 4-4, na kile kichapo cha 0-2 nilichokipenda kuliko vyote

Kwenye kijiwe chetu Morogoro, ukitaja ligi ya Italia kuna watu wanapiga miayo makusudi. "Ligi ya mabeki ile. Wakipata moja wanapaki basi, wote wanarudi kuziba goli mpaka kipenga." Mimi ni shabiki lialia wa AC Milan tangu enzi za straika wetu Mliberia George Weah, kwa hiyo maneno hayo nimeyasikia sana. Tarehe 19 Oktoba 2024 tulijazana kibanda umiza kuangalia Simba na Yanga. Mechi ikaamuliwa na goli la kujifunga dakika za lala salama, moja bila, na watu wakatoka wanarukaruka barabarani. Sikumsikia hata mmoja akisema ligi yetu ni ya usingizi. Siku chache baadaye nikapanda ndege kwenda kuiona hiyo ya mabeki kwa macho yangu.

Haya nimeyapanga nyumbani kutoka kwenye daftari, tiketi nilizozihifadhi na picha za simu. Nimechelewa kuyaandika, msimu wenyewe umeshakwisha na bingwa anajulikana, lakini nimeyaacha kama nilivyoyaona wakati ule.

Kwa atakayefuata: ada ya viza ya Schengen kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na bima ya safari lazima ifikie kinga ya euro 30,000. Wakati naondoka euro moja ilikuwa inacheza kwenye shilingi 2,900 na ushee. Piga hesabu zako mapema, usije ukazipigia Malpensa, uwanja wa ndege wa Milano.

Ijumaa, 25 Oktoba. Dar, Addis Ababa, Milano

Ndege ya usiku haina la kusimulia. Malpensa iko mbali na mji; treni ipo, ila basi la kwenda stesheni kuu ya Milano lilinigharimu euro 10 na likanishusha ubavuni mwa stesheni yenyewe. Hosteli: kitanda kwenye chumba cha watu sita, euro 38. Juu yake kuna kodi ya mji ya kila usiku, ambayo mara nyingi haimo kwenye bei unayoiona mtandaoni. Wanakudai ukifika, na wengine wanataka taslimu.

Mpango wa kwanza ulikuwa Jumamosi niende Bologna kuiona Milan ugenini. Mvua ikaukataa. Wikiendi iliyotangulia Bologna ilipata mafuriko, mitaa ikajaa maji na tope, na mechi ikaahirishwa. Kijana wa mapokezi aliniona nimeduwaa na simu mkononi, akauliza kulikoni. Nilipomweleza akacheka. "Umetoka Afrika kuja kuangalia mpira? Basi kesho nenda Bergamo. Atalanta wanacheza na Verona."

Tovuti ya tiketi ikanigomea, inataka namba ya mlipa kodi wa Italia. Kijana akaacha meza yake, akanivuta mpaka duka la kona lenye herufi T kubwa juu ya mlango, ambako wanauza sigara, tiketi za basi na vocha. Mzee wa duka akachukua pasipoti yangu, akaandika jina herufi moja moja akiniangalia usoni kuhakikisha, akachapa karatasi. Euro 35. Kijana akarudi mbio kazini kabla sijamshukuru vizuri.

Zingatia hapa: tiketi ya mpira Italia ina jina la mtu. Getini wanalinganisha jina na kitambulisho, kwa hiyo nenda na pasipoti, na jina liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti. Ukinunua tiketi ya mtu mtaani bila jina kubadilishwa rasmi, umenunua karatasi.

Jumamosi, 26 Oktoba. Bergamo

Treni kutoka Milano haifiki saa nzima, nauli kama euro 6. Tiketi ya karatasi ya treni za mkoa ni lazima uigonge kwenye mashine ya ukutani kabla ya kupanda. Nilimwona mtalii mmoja akipigwa faini kwa sababu hiyo tu, anaapa kwa lugha tatu.

Mji wa zamani uko juu mlimani, ndani ya kuta, na ukungu ulikuwa umeshuka kiasi kwamba nikiwa chini sikuuona kabisa. Nilikula polenta na nyama ya kuchemka, euro 14. Polenta ni ugali wa njano, laini kidogo kuliko wetu, na wanaula kwa uma. Nikaomba nile kwa mkono, mwenye mgahawa akaleta bakuli la maji bila kushangaa.

Mechi saa tatu kasorobo usiku. Getini wanang'oa vifuniko vya chupa za maji, kwa hiyo usijaze begi chupa. Atalanta wakati ule walikuwa chini ya Gian Piero Gasperini, aliyeingia 2016. Msimu wa 2019/20 timu yake ilifunga magoli 98 ya ligi, na Mei 2024 walikuwa wametoka kuibomoa Leverkusen 3-0 kule Dublin kwenye fainali ya Europa, mabao yote ya Ademola Lookman. Hii timu haitoki kwenye mji mkubwa, haina tajiri wa mafuta, na wakati ule ilikuwa inakaba mtu kwa mtu uwanja mzima. Siyo nusu uwanja wao. Uwanja mzima. Beki wa kati anamfuata straika mpaka katikati, na akienda chooni nadhani anasindikizwa. Wakinyang'anya mpira, tayari wako karibu na goli lako.

Sikupata hata muda wa kukaa vizuri. De Roon, Retegui, De Ketelaere, Lookman, Lookman tena. Mapumziko ilikuwa 5-1. Ikaisha 6-1.

Kutoka uwanjani nilikuwa napiga simu nyumbani, napiga kelele kama tulivyozoea, nyuma yangu sauti ya mama ikasema, "Hicho ni Kiswahili cha Bongo!" Nikageuka. Dada wa Mombasa, koti jeusi mpaka magotini, amemshika mkono mtoto wa kiume aliyevaa jezi ya bluu na nyeusi. Anafanya kazi ya kutunza wazee. "Wewe waenda wapi usiku huu nawe njia huijui?" Nikamwambia hosteli yangu ya pale Bergamo. Akanisindikiza mpaka kituo cha basi, akasubiri mpaka basi likaja, na njiani akanieleza ushabiki ule umeanzaje. Atalanta hupeleka jezi ndogo kwa watoto wanaozaliwa hospitali za Bergamo. "Mimi mpira sikuwa nautaka. Nimejifungua, kabla hata baba mtu hajafika, jezi imefika."

Jumapili, 27 Oktoba. Bergamo hadi San Siro

Saa zilirudishwa nyuma usiku huo, kwa hiyo niliamka kabla ya kila mtu. Dada alikuwa ameniambia nisiondoke bila chai. Nilikuta kwake mahamri na mbaazi za nazi, nazi ya kopo, na yeye akiilalamikia ile nazi mpaka nilipomaliza sahani ya pili. Mumewe, mtu mpole wa Lamu, aliuliza swali moja tu: kama ni kweli Tanzania watu wanalipia kuingia kibandani kuangalia mpira wa Ulaya. Nikamwambia ni kweli. Akatikisa kichwa, akaongeza chai.

Inter na Juventus saa kumi na mbili jioni. Tiketi niliipata kwenye soko rasmi la kuuziana la klabu: euro 95, ghorofa ya tatu ya San Siro, kule juu kabisa. Niliumia. Kabla ya mechi ile Juventus walikuwa wameruhusu goli moja tu katika mechi nane za ligi, na hilo moja la penalti. Nikajiandaa kwa suluhu ya bei ghali.

Nikaambulia magoli manane. Zielinski penalti, Vlahovic akarudisha, kisha Timothy Weah akawapa Juve uongozi. Mtoto wa George Weah, kwenye uwanja wa baba yake! Mimi, mtu wa Milan, nikajikuta nimesimama nikishangilia goli la Juventus katikati ya watu wa Inter. Waliniangalia wakaniacha, labda kwa sababu ya umri. Mkhitaryan akasawazisha, Zielinski penalti nyingine, Dumfries akaweka la nne. 4-2, na Inter wakapoteza nafasi za kumaliza shughuli. Akaingia kijana wa miaka 19, Kenan Yildiz, akapiga la kwanza, akapiga la pili. 4-4.

Kiti cha jirani alikuwapo babu mmoja, skafu yake ya Inter imepauka mpaka bluu imekuwa kijivu, amekuja na mjukuu. Kila goli lilipoingia, hata la Inter, alionyesha kwa kidole mahali fulani uwanjani na kunung'unika. Mwisho nikamuuliza kijana babu anasema nini. "Babu anasema ni mabao manane ya zawadi. Kila moja anaweza kukutajia aliyelitoa." Nikasema mwambie babu kwetu watu wangelipa mara mbili kuiona hii. Kijana akamtafsiria. Babu akanitazama kwa huruma kabisa.

Ushauri: baada ya mechi usijipange kwenye kituo cha metro cha San Siro Stadio, foleni inazunguka. Tembea na watu mpaka kituo cha Lotto, dakika ishirini na kitu hivi, upande laini nyekundu. Tiketi ya metro euro 2.20, unagusa tu kadi ya benki. Usiku ule hostelini televisheni ilikuwa inaonyesha Fiorentina ikiifunga Roma 5-1. Nikatuma picha ya matokeo ya wikiendi kijiweni bila neno. Hakuna aliyejibu.

Jumatatu, 28 Oktoba. Milano, miguu imegoma

Siku ya kupumzika. Nilienda Casa Milan, makao makuu ya klabu pale Portello, kwenye makumbusho yao, kama euro 15. Makombe ya Ulaya yamepangwa, saba.

Ukisimama mbele ya yale makombe ndipo unaona sifa ya ligi hii ilitoka wapi. Nereo Rocco, aliyejenga jina Triestina na Padova kwa kufunga milango, aliipa Milan kombe la kwanza Wembley 1963. Jirani zake Inter, chini ya Helenio Herrera, wakachukua la 1964 na 1965 kwa beki mmoja wa ziada nyuma ya wenzake na mashambulizi ya kushtukiza ya kasi ya umeme. Mwandishi Gianni Brera alishikilia kwamba mechi kamilifu ni ile inayoisha 0-0, maana hakuna aliyekosea. Babu wa jana ni mwanafunzi wake, nina hakika. Lakini hapo hapo kuna Milan ya Arrigo Sacchi, iliyopandisha mabeki wake mpaka katikati na kuipiga Steaua ya Romania 4-0 kwenye fainali ya Ulaya ya 1989. Na kuna ile ya Fabio Capello, 1993/94, bingwa kwa magoli 36 tu katika mechi 34, ikiruhusu 15. Watu wa kijiweni wangeililia hiyo. Timu hiyo hiyo, Mei 1994, ikaenda Athens kuifunga Barcelona 4-0 kwenye fainali ya Ulaya. Ukiuliza ilikuwa timu ya kukaba au ya kushambulia, sijui utajibu nini.

Jumanne, 29 Oktoba. Milan 0, Napoli 2

Hii ndiyo niliyoijia. Jezi nyekundu na nyeusi juu ya sweta mbili, tiketi euro 59, ghorofa ya tatu tena lakini safari hii karibu na mstari wa katikati. Baridi ilikuwa ya kuuma masikio.

Dakika ya tano Anguissa, Mkameruni, akapenyeza pasi, Lukaku akamweka beki mgongoni na kufunga. Rafael Leão wetu alikuwa ameanzia benchi. Dakika ya 43 Kvaratskhelia akakata ndani kutoka kushoto, akapiga chini chini, 0-2. Mwanzoni mwa kipindi cha pili Morata akaweka mpira wavuni, uwanja ukalipuka, bendera ikawa juu: kaotea. Baada ya hapo Milan hawakupata kitu.

Kwenye televisheni ningekuwa nimezima. Kamera inafuata mpira, na mpira wenyewe ulikuwa unazunguka tu kwa mabeki wetu, kulia, kushoto, nyuma. Ila kule juu unaona watu wote ishirini na wawili kwa wakati mmoja. Nikaacha kuangalia mpira, nikaanza kuwaangalia Napoli wasio na mpira. Mstari wa nyuma na mstari wa kati ulikuwa umeachana hatua chache, na uachano ule haukubadilika. Mpira ukienda kulia kwetu, wote kumi wanasogea, ukirudi, wanarudi. Politano, ambaye ni winga, alikuwa anashuka mpaka anakuwa beki wa tano, kisha mpira ukikatwa anakimbia nyasi zote zile kwenda mbele, halafu anarudi tena. Alirudia hivyo mpaka mapafu yangu yakaanza kuuma. Buongiorno na Rrahmani walikuwa wanaelekezana kwa mikono kabla mpira haujafika. Milan wakitafuta upenyo kati ya wawili, McTominay alikuwa ameshasimama pale. Hakukimbia kufika, alikuwepo tayari.

Jirani yangu alikuwa mama wa makamo, jezi ya Milan ndani ya koti. Hatukuwa na lugha ya pamoja. Kila Napoli walipookoa mpira alipumua kwa nguvu, akachomoa pipi ya mnanaa mfukoni, akanipa moja, akala moja. Kwenye dakika ya themanini mfuko ukaisha. Akanionyesha mfuko mtupu, akaelekeza uwanjani kwa kidole, akacheka kwa mara ya kwanza usiku ule.

Tulipigwa na nikatoka nimefurahi. Ninaliandika hilo nikijua watakalolisema kijiweni. Bergamo na Inter zilinipa mayowe. Hii ilinifanya nisipepese macho dakika 45 nzima wakati hakuna goli lililoingia. Kocha wa Napoli, Antonio Conte, alikuwa kwenye mstari anafoka kwa kila pasi kana kwamba anafungwa yeye. Ukitaka kuielewa ligi hii kaa juu, usikae karibu na nyasi, hata kama bei ni ile ile.

Jumatano, 30 Oktoba, hadi Ijumaa, 1 Novemba. Firenze, kisha Bologna

Treni ya kwenda Firenze ilichelewa zaidi ya saa. Mwanafunzi aliyekaa mkabala nami alinigawia nusu ya mkate wake na kunifundisha kusoma ubao wa ucheleweshaji. Neno "ritardo" likifuatiwa na dakika, kanywe kahawa. Kahawa inywe umesimama kaunta, euro 1.30 hivi. Ukikaa mezani bei inapanda.

Firenze watu wengi wanakwenda kuangalia sanamu. Mimi nilipanda basi la mjini kwenda Coverciano, kituo cha ufundi cha shirikisho la soka la Italia, ambako kuna makumbusho na, muhimu zaidi, shule ya makocha. Nilichokifuata ni kuona mahali makocha wanaposomea na kuandika tasnifu kama watu wa chuo kikuu. Ya Carlo Ancelotti, 1997, ilihusu mustakabali wa mpira na haja ya kuongeza mwendo. Conte aliandika kuhusu mfumo wa 4-3-1-2. Baada ya Jumanne, nilipita pale na heshima tofauti. Mlinzi wa makumbusho, aliposikia natoka Tanzania, alinipeleka mwenyewe kwenye jezi za Kombe la Dunia la 1982 na kunionyesha kwa mikono jinsi Claudio Gentile alivyomshika Maradona na Zico. Alinishika jezi kweli kweli.

Chakula: lampredotto, tumbo la nne la ng'ombe lililochemshwa na kukatwakatwa ndani ya mkate uliochovywa mchuzi, euro 5 barabarani. Anayekula utumbo nyumbani hatapata shida. Watu wa foleni walikuwa bado wanazungumzia ile 5-1 ya Fiorentina yao.

Bologna tarehe 1 Novemba ni sikukuu ya Watakatifu Wote, maduka mengi yamefungwa. Nilipanda ukumbi wa matao 666 mpaka kanisa la San Luca, karibu kilomita nne, mvua haikugusi hata tone. Kwenye mitaa mingine bado walikuwa wanakwangua tope.

Jumamosi, 2 Novemba. Bologna 1, Lecce 0

Hapa kijiwe kitapata haki yake. Euro 30, saa tisa alasiri, jua zuri, uwanja wa Renato Dall'Ara na ule mnara wake wa matofali. Nilipiga miayo. Lecce walirudi nyuma wote, sawa, hilo siyo kosa. Ila Napoli walipokaa nyuma ulikuwa unaona mtego. Hapa niliona watu wanaosubiri muda upite. Faulo ndogo, mtu chini, mpira wa kurusha unaochukua nusu dakika, kona inayopigwa baada ya mkutano. Bologna nao pasi nyingi za pembeni. Orsolini akafunga dakika za mwishoni na hapo ndipo nilipojua bado nipo macho.

Kinachoua utamu pale ni mpira kusimama. Beki mkali hajawahi kunichosha; mchezaji anayefunga kamba za viatu dakika ya 70 ndiye ananichosha. Hilo liko England, liko kwetu, na mechi mbaya za Italia zinalo kwa wingi.

Treni ya kasi kwenda Napoli, mwendo wa saa tatu na nusu hivi, niliikata mapema kwa euro 45. Ukisubiri siku yenyewe utalipa karibu mara mbili. Njiani nikawa nabishana na kijiwe kwa ujumbe wa sauti. Niliwakumbusha kwamba msimu wa 2020/21 ligi hii ilivuka wastani wa magoli matatu kwa mechi na England haikuvuka. Wakajibu kwa picha ya basi.

Jumapili, 3 Novemba. Napoli 0, Atalanta 3

Mechi saa sita na nusu mchana, saa ambayo Waitaliano wanailaani kwa sababu inavunja chakula cha Jumapili. Metro ya laini ya pili inakushusha Campi Flegrei na kutoka hapo unafuata nyimbo. Tiketi euro 45.

Baada ya kupigwa 3-0 na Verona siku ya kwanza ya msimu, Napoli walikuwa wameruhusu magoli mawili tu katika mechi tisa. Walikuwa kileleni. Nilikwenda kuuangalia tena ule ukuta wa Jumanne, na Atalanta wakaubomoa. Lookman dakika ya 10, Lookman dakika ya 31, Retegui muda wa nyongeza. Lakini angalia walivyofanya: kwa kukaba. Isak Hien alimganda Lukaku tangu kipenga cha kwanza. Lukaku akishuka kuomba mpira Hien yuko mgongoni, akienda pembeni Hien yuko pembeni. Goli tatu ugenini, na mtu aliyenivutia kuliko wote ni beki.

Tukatoka kimya. Kwenye baa moja karibu na stesheni niliagiza kahawa, nikatoa sarafu, muuzaji akazisukuma zirudi. Imeshalipwa, akaonyesha kwa ishara. Ni desturi yao Napoli: mtu anakunywa moja, analipa mbili, ya pili ni ya yeyote atakayekuja. Siku ile, baada ya kichapo kile, bado kuna mtu alilipa mbili. Nami nikalipa moja nikaondoka.

Jioni pizza margherita, euro 6, huku kwenye televisheni ya ukutani Roma inafungwa 3-2 kule Verona. Meza ya jirani ilifarijika sana.

Wakati nachapa haya, Napoli wameshachukua ubingwa: pointi 82, moja zaidi ya Inter. Magoli 59 ya kufunga, 27 ya kufungwa. Inter walifunga 79, Atalanta 78, wakabaki wanaangalia. Lookman alitawazwa mchezaji bora wa Afrika Desemba ile.

Jumatatu, 4 Novemba. Roma, uwanja wa ndege

Treni ya asubuhi Napoli hadi Roma, kisha Fiumicino. Tiketi zote za mpira zilinila euro 264; kitanda, treni na chakula vikala karibu mara tatu ya hizo, na sikujibana kwenye chakula.

Afisa wa dirisha la pasipoti alifungua kurasa taratibu.

"Ulikuja kufanya nini Italia?"

"Kuangalia mpira."

Akainua macho. "Roma umewaona?"

"Hapana, sikuwahi."

"Afadhali," akasema, akagonga muhuri.